Nilitangaza Kwamba Baridi Imekwisha

Saint-Boniface, Winnipeg
Aprili

Yaya wangu,

Kabla ya salamu naomba radhi. Ule ujumbe wa sauti niliouweka kwenye wasapu ya familia tarehe 20 Machi, ule wa dakika nne ambao ndani yake nacheka na hata kuimba kidogo, tafadhali ufuteni. Nilisema baridi imekwisha. Nilisema nimelivua lile koti ambalo Mama alipoliona kwenye picha aliuliza kama huku watu wanatembea na magodoro. Nilisema majirani wametoa viti nje wanaota jua. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na yaliendelea kuwa kweli hadi usiku wa manane. Alfajiri nikataka kutoka kwenda kazini, mlango ukakataa. Nikausukuma kwa bega, ukaachia nafasi ya kupitisha mkono, na mkono wangu ukazama kwenye theluji mpaka kiwiko.

Sasa salamu. Jambo yenu wote: Mama, Koko, watoto, na Baba Mudogo ambaye najua amekaa pale dirishani akijifanya hasikilizi. Sisi wazima. Najua Yaya ndiye utakayeisoma barua hii kwa sauti, basi ukifika pa kucheka usiparuke, na ukifika pa pesa shusha sauti.

Mama aliniuliza juzi theluji ikoje, kwa sababu kila nikieleza naishia kusema "nyeupe" na "baridi", na hayo hata friji ya duka la pale Birere inayo. Mama, unakumbuka zile asubuhi za masika, mvua imenyesha usiku kucha, mawingu yanafunguka, ukawa unatutoa kitandani tukaitazame Karisimbi imevaa nyeupe kichwani? Wewe ulisema mlima umejifunga kitambaa cha kwenda kanisani. Wasemao Kinyarwanda wanasema hata jina lake limetoka kwenye weupe huo. Basi uchukue weupe ule kutoka mita 4,507 kule juu, uulaze juu ya paa, juu ya gari, juu ya kamba ya kuanikia nguo, uusahau hapo tangu Novemba. Na kamwe usidhani unatulia. Unanyesha, unayeyuka, unaganda, unanyeshewa tena. Watoto wangu wanauteleza mlima wa karibu na shule kwa kitu ambacho ni chukudu kabisa, ila hakina magurudumu, hakina mzigo wa makaa, na hakuna askari wa kukiombea franga njiani.

Shida ya watu wa huku ni kwamba wanaamini kalenda. Kalenda imeandikwa tarehe 20 Machi ni siku ya kwanza ya majira ya kuchipua, na mtangazaji wa redio anaisoma bila aibu, nje hakuna kitu kinachochipua isipokuwa glovu zilizopotea Januari zikitoa vidole kwenye barafu. Halafu serikali ina tabia ya kuiba saa. Jumapili ya pili ya Machi, usiku, wanakata saa nzima ya usingizi wa kila mtu, na Novemba wanairudisha bila riba. Ndiyo sababu tulikuwa tunapishana na Goma kwa saa nane na sasa ni saba. Yaya, sikukupigia saa ya usingizi kwa makusudi, uniache.

Aliyenifundisha kutoiamini kalenda ni bibi jirani yetu. Ni Mfaransa wa hapa hapa, ukoo wake umezeekea kando ya mto huu, na Kifaransa chake si kile tulichopigiwa rula vidoleni. Siku ile nilipokuwa nachimba njia kwa beleshi huku natukana kwa Kiswahili, alinitazama kutoka barazani kwake, akaniambia niache kutazama ukutani, nisikilize juu. Wakija wale, alisema, ndipo uanze kuhesabu. Lakini usihesabu haraka. Wale ni nani? Akataja jina ambalo kwenye kamusi yetu ya shule ni ndege mwingine kabisa, wa nyasi kavu. Wiki nzima nikawa nangoja ndege asiye sahihi.

Basi wakaja. Na namna walivyokuja nitawaeleza kwa ukweli, ingawa mke wangu amenikataza.

Ilikuwa giza bado. Nikasikia makelele ya mbali, mengi, yanasogea. Yaya, unalijua soko la Kituku asubuhi ile mitumbwi ya Idjwi inapotia nanga, kila mama anaita bei yake? Ndivyo. Ila yalikuwa yanatoka angani. Sasa wewe unaujua mwili wa mtu wa Goma. Kichwa kilikuwa bado kinaota, miguu ilikwisha kufika chini. Nilipowasha taa, mke wangu alikuwa amevaa kiatu kimoja, ule mfuko wa karatasi zetu uko begani, na mtoto wa mwisho yuko chini ya kwapa lake kama mkate. Hatukusemezana. Tukafika mlangoni, nikafungua, tukatoka barazani bila makoti, nyuzi 8 chini ya sifuri, tukatazama juu.

Bata.

Bata wengi, Yaya, mistari kwa mistari, wamejipanga kama kichwa cha mshale, shingo mbele, kila mmoja anapiga kelele kana kwamba ndiye kiongozi. Taa za mji zilikuwa zinawamulika matumbo. Mtoto akauliza tunakimbilia wapi. Mke wangu akamwambia: tumetoka kuwapokea wageni. Tukarudi ndani, akauning'iniza mfuko mahali pake, akanitazama kwa jicho lile. Lakini usingizi haukurudi, tukapika chai, tukacheka mpaka machozi. Bibi jirani alituona kutoka dirishani kwake tumesimama kwenye baridi na viatu vitatu miongoni mwetu wote. Tangu siku hiyo anatuheshimu sana, anafikiri ni desturi yetu.

Hao ndio bata bukini wa Kanada. Mnawajua kwenye picha: shingo nyeusi, kidevu cheupe kama amefungwa bandeji ya jino, mwili wa rangi ya kahawia, kifua cha mheshimiwa. Na hapa nina kesi na Kiswahili chetu. Bukini ni jina la zamani ambalo watu wa pwani waliipa Madagaska. Kwa hiyo ndege huyu wazungu wanamwita wa Kanada, anapitisha miezi ya baridi Marekani, na sisi tumempa ukoo wa Madagaska. Mimi na jina moja tu, lililoandikwa vibaya herufi moja, nilizungushwa ofisi tatu. Yeye ana nchi tatu na mpaka anauvuka usiku, bila muhuri, huku anapiga kelele.

Tena sheria iko upande wake. Mwaka 1916 Uingereza, kwa niaba ya Kanada, na Marekani zilitia saini mkataba wa kuwalinda ndege wanaohama, na mwaka uliofuata Kanada ikautungia sheria. Mnaona wakati wenyewe: vita kuu inawaka Ulaya, Wabelgiji wanapigana na Wajerumani hadi kwetu kwenye Kivu, na huku watu wamekaa mezani wanaandikiana kuhusu bata. Nilidharau nilipoambiwa. Baadaye nikasikia kwamba aina kubwa kabisa ya bata hawa ilikuwa imedhaniwa imetoweka duniani, mpaka mwaka 1962 mtaalamu mmoja, Harold Hanson, alipoitambua Rochester, jimbo la Minnesota, jirani zetu wa kusini. Walikuwa kwenye ziwa katikati ya mji, mchana kweupe, wanakula mahindi ya watu. Hawakuwa wamejificha. Ni kwamba hakuna aliyekuwa amewapima.

Najua hapa Baba Mudogo amekwisha kukohoa. Ujumbe wake niliupata, nilipotuma ile picha ya bata arobaini kwenye nyasi za mbele ya benki. Alisema hivi, nanukuu: "Muko na nyama inatembea mu barabara, na munalalamika bei ya nyama!" Akauliza ana kilo ngapi. Akauliza kama pilipili inapatikana. Baba Mudogo, jibu ni refu. Kuwinda kunaruhusiwa, kwa kibali, wakati wake ni vuli, na nje ya mji. Hata yai lake huwezi kuligusa bila ruhusa. Wenye ardhi hii tangu zamani, kabla ya mzungu yeyote, wao wana haki yao ya kuwinda na kuokota mayai, na ni haki. Mimi mgeni wa juzi nikionekana na bata chini ya koti, nitaieleza nini mahakama? Kwamba ni wa Madagaska?

Kwa hiyo wanatembea. Wanavuka barabara ya magari sita sambamba, polepole, mmoja mmoja, na magari yanasimama. Niliona lori la mchanga limesimama, dereva ameegemeza kidevu kwenye usukani, anangoja bata wa mwisho ambaye alikuwa amesimama katikati kujikuna. Nikakumbuka pale kwenye sanamu yetu ya Chukudu saa ya jioni, pikipiki zinapita hata kati ya miguu ya mtu. Bata huyu tungempeleka pale dakika tano tu, apate elimu.

Nisiwadanganye lakini: nimewapenda. Sikutaka, nimewapenda. Jumamosi moja rafiki wa kanisani alitupakia kwenye gari lake hadi kinamasi cha Oak Hammock, kaskazini mwa jiji, uwanda ambao hauna hata kichuguu. Mtoto wa kwetu, aliyezoea kila upande aone mlima, anasimama pale anaona kizunguzungu, kama mtu aliyeondolewa ukuta wa nyumba. Shamba lote lilikuwa limefunikwa na theluji, au ndivyo nilivyodhani. Tulikuwa tumesimama tunakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Ghafla, bila upepo, ile theluji ikanyanyuka.

Yaya, ikanyanyuka yote kwa pamoja, na sauti kama ya mabati ya soko zima yanapigwa na mvua ya mawe. Mimi nilisema kwa sauti: imeghairi, inarudi mbinguni. Walikuwa ni bata wengine, weupe pepe, ncha za mabawa nyeusi kama waliochovya wino. Maelfu. Wakazunguka juu yetu, jua likiwapiga wanang'aa, wakigeuka wanatoweka, wakigeuka tena wako pale, halafu wakashuka taratibu shamba la pili na dunia ikawa nyeupe upya. Chai yangu ilikuwa imemwagika kwenye buti na sikuwa nimesikia. Rafiki yetu akasema hao hapa ni wasafiri tu. Wanatoka kusini, pwani ya Texas huko, na wanakwenda mpaka pwani ya Hudson Bay na kuipita, kutaga. Mke wangu akauliza mara mbili ili ahakikishe. Wanaacha Texas? Kwa hiari? Kwenda mahali pa baridi kuliko hapa? Akawatazama muda mrefu, halafu akasema: "Hawa wana ndugu huko. Hakuna sababu nyingine."

Sasa kuhusu theluji inayokuja baada ya mtu kushangilia. Watu wa hapa wana jina lake: kimbunga cha Colorado. Hewa nyepesi inazaliwa kwenye milima ya Colorado, Marekani, inavuta unyevu kutoka kusini, inapanda nao uwandani mpaka kwetu, inakutana na baridi ya kaskazini, na kilichokuwa kiwe mvua kinakuwa tani na tani za pamba iliyolowa. Mnaona ujanja wake? Inatoka upande uleule wanaotoka bata. Inawafuata nyuma kama mwenye deni. Bibi jirani anakumbuka Aprili 1997, theluji ya karibu nusu mita ndani ya siku mbili, wakati watu wamekwisha kununua mbegu za nyanya. Halafu ile yote ikayeyuka, na Mto Red wa hapa una kichwa kigumu, unatiririka kuelekea kaskazini, yaani kusini kunayeyuka wakati mbele yake bado ni barafu. Maji yakakosa pa kwenda, yakageuka ziwa. Mji uliponea kwenye mfereji wa kilomita 47 waliokuwa wamemaliza kuuchimba mwaka 1968 na kuucheka kwa miaka mingi kwamba ni upotevu wa pesa. Kwangu mimi hadithi kama hiyo haihitaji kutafsiriwa. Kila mji una kitu chake kinachoshuka.

Nilimuuliza bibi: wakishafika, theluji ikiwakuta, wanafanyaje? Nilitegemea aseme wanakufa, au wanavumilia. Akasema wanarudi nyuma. Wanapanda kaskazini nyuma ya mstari wa kuyeyuka, pale ambapo joto limevuka sifuri kidogo na nyasi za jana zimejitokeza. Dhoruba ikiwazidi, wanageuza, wanashuka tena kusini kilomita hata mia, wanakaa shambani kwa mtu, wanangoja, wanajaribu tena. Wengine kila masika wanaifanya njia ileile mara mbili, tatu.

Hapo ndipo niliacha beleshi nikakaa ngazini. Yaya, si ndio sisi? Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa moto ulipofunguka, tulivuka mpaka usiku, mimi na godoro kichwani, Koko kwenye chukudu anaomba rozari na kumkemea msukuma chukudu kwa zamu. Moto ukasimama Buhene, Jumapili tukarudi. Tukafagia. Alhamisi wakasema tokeni tena, tukatoka, safari hii Sake, barabara nzima imejaa watu kama maji. Tukarudi tena. Na kila tuliporudi Mama alianza na kitu kimoja: kuangalia kama sufuria ya maharage imeibwa. Watu wa nje walituuliza kwa nini tunarudi pale. Bata hawaulizwi.

Inatosha. Koko asilie, ilikuwa ya kuchekesha. Lile la chukudu hasa.

Turudi kwenye aibu yangu mpya, ambayo watoto watawaambia wakipiga simu, basi bora muisikie kwangu. Karibu na nyumbani kuna supamaketi, na katikati ya parkingi yake kuna kisiwa kidogo cha nyasi chenye mti mmoja na taa. Bata jike mmoja, katika Kanada yote hii yenye maziwa yasiyohesabika, alichagua pale. Alitengeneza kiota kwa majani makavu na manyoya ya kifua chake, akataga, akakaa. Dume anasimama zamu. Akipita mtu na kigari cha vitu anamtazama. Akipita karibu anainamisha shingo mpaka chini, anafungua mdomo, ulimi una vijino, anatoa sauti ya tairi linalopoteza hewa. Wenyeji wanajua wafanye nini: wanarudi nyuma taratibu huku wakimtazama. Mimi sikuambiwa.

Nilikuwa nimetoka kununua unga wa muhogo, kilo 10, duka la Waafrika la mtaa wa pili, nikakata njia parkingini. Theluji ya usiku ilikuwa bado safi. Nikamsikia kabla sijamwona. Nikafanya kosa la mtoto wa mjini: nikakimbia. Akaruka. Bata huyu si kuku, Yaya. Akifungua mabawa anakaribia upana wa gari, na anapiga kwa fundo la bawa. Alinipata mgongoni mara moja, pale lile koti la godoro lilipo nene, Mungu amlinde aliyelishona. Buti likateleza kwenye barafu, miguu ikaenda mbele, mimi nikabaki nyuma, na ule mfuko ukapaa, ukapasuka juu ya kioo cha gari la mtu, ukamwagika wote.

Unga mweupe. Juu ya theluji nyeupe.

Niliinuka nikakaa. Nikatazama. Sikuweza kujua fufu inaishia wapi na Kanada inaanzia wapi. Nikachota kwa mikono, nikaonja: theluji. Nikachota pengine: nusu kwa nusu. Mama mmoja akashusha kioo cha gari akaniuliza kwa upole kama niko salama, maana alikuwa anamwona mtu mzima amepiga magoti parkingini anakula ardhi. Watoto wangu wawili wakubwa, waliokuwa wametumwa kunisaidia kubeba, walikuwa wameshikilia nguzo ya taa wasianguke kwa kicheko. Na yule bata, Yaya, alitembea bila haraka mpaka kwenye ule unga, akauchovya mdomo, akatikisa kichwa, akachovya tena. Ameipenda. Kila siku sasa akiniona ananyoosha shingo, na mimi sijui kama ni vita au ni njaa.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza unga uko wapi. Nikasema umechukuliwa na bata. Akasema miaka kumi na minne ya ndoa amesikia mengi, lakini hilo ni jipya.

Nikisema ndege hawa wana nguvu msifikiri najitetea. Tarehe 15 Januari 2009, New York, ndege ya abiria ilikuwa imetoka tu kuruka ikagongana na ndege. Kiswahili hapa hakinisaidii, nasema ya chuma ikagongana na ya manyoya. Bata wa Kanada, wale wale, waliingia injini zote mbili zikazimika. Rubani, Chesley Sullenberger, akaishusha juu ya Mto Hudson kama mtumbwi, na watu wote 155 wakatoka hai. Injini mbili za ndege nzima zimeshindwa. Mimi nilikuwa na kilo 10 za unga.

Nilimsimulia mtoto wa mwisho kisa hicho akakaa kimya, halafu akauliza: kwa hiyo ndege za Goma haziruki kwa sababu ya bata? Alikuwa amesikia tukizungumza, uwanja ulipofungwa Januari 2025. Nikamwambia hapana, kule si bata. Akasema basi bata wanaweza kutua Goma. Nikasema wanaweza. Tangu hapo anawapungia mkono na kuwapa salamu za kupeleka kwa Koko. Nimemweleza kwamba wao wanakwenda kaskazini. Amesema watageuza.

Na Mama, lile swali lako la kila Jumapili, la nitarudi lini, nimelisikia. Simu haikukatika siku ile, nilinyamaza. Niache kwanza nijifunze kujua hapa masika yanaanza lini.

Habari za mwisho. Juzi Colorado ilituma nyingine. Nilipotoka kazini niliikwepa njia ya nyumbani nikapitia parkingini, kwa mbali, na mfuko wa unga nimeuficha ndani ya koti. Watu wa duka walikuwa wamezungushia kile kisiwa vile vibuyu vya plastiki vya rangi ya machungwa vya kuzuia magari. Theluji ilikuwa imemfunika yule mama wa kiota mgongo wote, sawasawa na nyasi, imebaki shingo tu imesimama kama bomba la jiko. Dume naye amesimama mguu mmoja, theluji kichwani. Hawakuwa wanapiga kelele. Nilisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi, na mwanaume mwingine, dereva wa teksi, Mhabeshi nadhani, alikuwa amesimama upande wa pili anafanya kama mimi. Tulitikisiana vichwa tukaondoka.

Wanasema yai linalaliwa siku 25 hadi 28. Watoto wamechora vistari kwenye mlango wa friji, tuko kwenye kumi na moja. Vifaranga wakitoka nitatuma picha, si sauti. Sauti zangu mmekwisha kuzichoka. Koti nimelirudisha kwenye msumari.

Yaya, sasa shusha sauti: nimetuma kidogo kwa njia ile ya kawaida, ya dawa za Koko na sambaza za Mama. Si nyingi mwezi huu. Unga nimeununua mara mbili.

Mtusalimie jirani.

Mdogo wako

Ndugu Baba Mudogo: ni kilo tano, dume mkubwa hata sita. Pilipili inapatikana. Usiniulize tena.